Udi Ambao Sikuuandika

Siku ya kupimwa hewa huwa sikai. Kazi hii nimeifanya miaka kadhaa sasa na majengo niliyoyapeleka kwenye mtihani huu si machache, lakini ikifika asubuhi yenyewe mwili unakataa kiti. Napanda ngazi, nashuka ngazi, nahesabu madirisha niliyokwisha kuyahesabu, najaribu vitasa. Chai naikuta imepoa mahali nisipokumbuka kuiweka.

Jumamosi ile nilitoka nyumbani Kaole mapema mno. Mama yangu, ambaye naishi naye, aliniuliza mlangoni, "Kwani hilo jengo litakimbia?" Nikamwambia halitakimbia, nikaondoka huku nimevaa kiatu kimoja vizuri na kingine kwa kukanyaga kisigino.

Jengo lenyewe liko Kerege, kando ya barabara ya Bagamoyo: ghorofa tatu, refu kuliko kila kitu jirani yake, kuta nyeupe, madirisha mapana yenye vibaraza vya zege vya kuzuia jua la alasiri. Ofisi tupu, kuanzia chini hadi juu. Mwenye jengo ni mama wa miaka sabini hivi, wa familia ya Kiarabu iliyofanya biashara Bagamoyo kabla hata ya babu zangu kuacha kulima mihogo. Watu wote humwita Bi mkubwa, nami namwita hivyo hivyo, au mama.

Nieleze kidogo kazi hii, maana nimezoea kuulizwa. Watu wakisikia "jengo la kijani" huangalia rangi ya ukuta, wala siwalaumu. Vyeti viko vya aina mbili. Cha kwanza huuliza jengo linaitendeaje dunia: linakula umeme kiasi gani, maji ya mvua yanakwenda wapi, taka zake zinaishia shimo gani. Cha pili huuliza jengo linamtendeaje mtu aliyekaa ndani yake kuanzia asubuhi mpaka jioni: anapata mwanga wa jua au anaishi na taa, kelele za barabara zinamfikia kwa kiasi gani, maji anayokunywa yakoje, na zaidi ya yote, anavuta hewa gani. Cheti cha kwanza Bi mkubwa alikwisha kukipata. Cha pili kilikuwa kimebakiza kipimo kimoja tu, cha hewa.

Mimi si mkaguzi. Mkaguzi hatoki kwa mwenye jengo. Hutumwa na wanaotoa cheti, anakuja na vyombo vyake, anapima, anaandika alichokiona. Mimi ni kama mwalimu wa masomo ya ziada. Namwandaa mtahiniwa, namwonyesha maswali yanavyokuja, halafu siku ya mtihani nabaki nje ya dirisha nikimwombea.

Na mtihani huu haukuwa wa mchezo. Kampuni moja ya bima ilikuwa tayari kupanga ghorofa zote tatu, kwa sharti moja: kabla mwezi haujaisha ione karatasi inayosema hewa ya humo imepimwa na inafaa. Wafanyakazi wao wawili walikuwa wameugua kifua kwenye ofisi ya zamani, na uongozi uliapa kutorudia. Walikuwa na jengo jingine mkononi, Dar, lenye cheti tayari. Kwa upande wa pili walikuwepo wanawe Bi mkubwa, watu wazima wenye shughuli zao ng'ambo. Walikuwa wamemwambia mama yao waziwazi: mpangaji asipopatikana mwezi huu, jengo linauzwa, na yule anayelitaka atalifanya ghala la saruji.

"Saruji," Bi mkubwa aliniambia siku aliponipa kazi hii, na akalitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa. "Mwanangu, mimi nimekaa miaka ishirini na sita stoo ya marehemu mume wangu. Hapa hapa, kwenye kiwanja hiki. Saruji huku, unga huku, mimi katikati na daftari. Dirisha hakuna. Nilikuwa nikipenga, kinachotoka ni ukuta." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nilisema nikijenga, nitajenga pa watu kukaa wakiwa wazima. Sasa watoto wanataka kunirudishia stoo."

Basi niliandaa. Niliandika orodha ya mambo yaliyokatazwa ndani ya jengo kwa wiki mbili kabla ya kipimo, kwa herufi kubwa, Kiswahili chepesi, na kuibandika kwenye kila mlango. Hakuna kupaka rangi wala vanishi. Hakuna gundi. Hakuna dawa ya mbu ya kupuliza, hakuna sigara, hakuna sabuni yenye manukato, hakuna jenereta karibu na mlango. Mwisho niliandika: kuanzia saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, madirisha yote yafungwe. Sharti hili huwashangaza watu. Mtu angedhani tungeacha wazi upepo upite. Lakini kinachopimwa ni hewa ya jengo lenyewe, kile ambacho kuta na dari na mazulia vinakitoa, na ukiacha madirisha wazi unaishia kuupima upepo wa bahari, ambao hauhitaji cheti.

Ijumaa yenyewe sikuwepo. Nilikuwa Dar nafuata vichujio vya mtambo wa kuingizia hewa. Nilimpigia simu msimamizi wa jengo, mwanamume wa Lugoba, Mkwere mwenye maneno mengi na mikono safi, nikamuuliza, "Madirisha?"

"Yamefungwa, dada. Saa kumi na moja kamili. Hata nzi aliyekuwa ndani amebaki ndani."

Nikalala na moyo mwepesi kidogo.

Asubuhi nilipofungua mlango wa chini, jambo la kwanza lililonijia ni amani. Nasema kweli. Mabega yakashuka, nikavuta pumzi ndefu nikasikia niko nyumbani. Nilikuwa mtoto wa miaka sita kwa bibi yangu, alasiri ya Alhamisi, nimekaa juu ya mkeka, nguo zetu za Ijumaa zimetandazwa juu ya tenga na chini yake chetezo kinatoa moshi wa bluu. Nilipiga hatua ya kwanza katika amani hiyo, na ya pili. Hatua ya tatu sikuipiga.

Udi. Jengo zima lilikuwa linanukia udi.

Nikapanda ngazi mbiombio. Ghorofa ya kwanza, kona ya kushoto, kisahani chenye majivu. Ghorofa ya pili, hivyo hivyo, na ubani uliokuwa haujaungua wote umeganda kama machozi. Ghorofa ya tatu nikakuta chetezo chenyewe, cha udongo, kimewekwa vizuri juu ya kitambaa ili kisichafue sakafu mpya. Sakafu hiyo niliihangaikia miezi miwili nikitafuta gundi isiyotoa mvuke.

Msimamizi alikuwa amenifuata nyuma akihema. "Bi mkubwa alileta walimu wa madrasa jana baada ya alasiri," akasema, akiwa na furaha ya mtu aliyeshuhudia jambo jema. "Wamesoma dua, ya jengo kupata wapangaji wa kheri. Walifukiza kila ghorofa, dada, hata vyoo hatukuviacha. Halafu saa kumi na moja nikafunga madirisha kama ulivyoandika. Bi mkubwa akasema afadhali, riha itashika vizuri."

Ilikuwa imeshika. Ilikuwa imeshika kwenye mapazia, kwenye dari, kwenye zulia kubwa lililoletwa kwa ajili ya dua na bado lilikuwa limetandikwa chini. Walitii karatasi yangu neno kwa neno. Hakuna aliyepaka rangi, hakuna aliyevuta sigara. Udi sikuuandika. Mimi, niliyekulia katika moshi huo, niliyefukizwa tangu siku ya saba ya kuzaliwa, sikuwahi hata siku moja kuuita moshi. Sigara ni moshi. Jenereta ni moshi. Udi ni udi.

Honi ikalia chini. Mkaguzi alikuwa amefika.

Alikuwa kijana wa Tabora, Mnyamwezi, mtaratibu, na vyombo vyake alivibeba begani katika sanduku jeusi. Msimamizi alipojua kwao ni wapi hakumwachia hata salamu ikamilike.

"Ah, mtani! Mababu zako walileta mizigo mpaka Bagamoyo kwa miguu, na wewe bado unabeba? Hamjachoka tu?"

"Mzigo wangu una betri, mtani," mkaguzi akajibu bila kugeuka. "Wewe kaa hapo hapo ulinde kivuli. Ndiyo kazi mnayoiweza Wakwere."

Wakacheka, nikacheka nao kwa mdomo tu. Mkaguzi akaingia, akasimama, pua ikacheza.

"Kunanukia vizuri humu," akasema.

"Vizuri sana," nikajibu, na sauti yangu niliiona ngeni.

Akaweka chombo chake katikati ya ukumbi wa chini, juu ya kigoda kirefu, pale pua ya mtu aliyekaa ingekuwa. Ni kisanduku cha ukubwa wa redio ndogo. Kinavuta hewa polepole, kama mgonjwa anavyokunywa uji, na baada ya muda kinasema kimekuta nini. Alituomba tutoke ukumbini. Mimi nikapanda juu, nikashuka, nikapanda tena.

Ghorofa ya tatu msimamizi alinikuta nimeshika komeo la dirisha. Sasa alikwisha kuelewa, maana furaha yote ilikuwa imemtoka usoni.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "si ulifungue? Yeye yuko chini. Robo saa tu, upepo upite. Au tumwambie kile kisanduku akiweke huku kwenye ngazi, mlango wa nyuma nitausahau wazi. Nani atajua?"

Ningependa kusema nilikataa papo hapo, lakini mkono ulibaki kwenye komeo na kidole kilikwisha kulisogeza kidogo. Nilifikiri: ataugua nani? Udi utaisha wenyewe wiki hii. Wafanyakazi wa bima watakapohamia, hewa itakuwa safi kweli, kwa hiyo uongo wenyewe utakuwa wa siku chache tu. Mtu anayetaka kukosea hakosi hoja za kujipa.

Nikiwa hapo nikatazama nje, nikamwona Bi mkubwa akishuka garini. Alikuwa amebeba chupa ya chai kwa mkono mmoja na hotipoti kwa mkono mwingine, vitumbua vya mkaguzi bila shaka, na alisimama kidogo kwenye jua akalitazama jengo lake kuanzia chini mpaka juu, kama mama anavyomtazama mtoto aliyevishwa sare mara ya kwanza. Nikamkumbuka yule wa stoo, katikati ya saruji na unga. Miaka yote ile kuna mtu alijua kwamba stoo ile haina dirisha, na akaona si neno.

Nikalirudisha komeo mahali pake. "Hapana," nikamwambia msimamizi. "Twende chini."

Mkaguzi alipima ghorofa zote. Hakuwa na haraka, nami nilizunguka kile kigoda kwa mbali kama mtu aliyepoteza sindano. Alipomaliza aliniita pembeni.

"Dada, kuna kitu. Vumbi laini limepita kiwango kila mahali. Mivuke nayo iko juu. Mmepaka vanishi?"

"Hapana."

"Mmepuliza dawa?"

"Hapana. Wamefukiza. Jana, walisoma dua, wakafukiza udi na ubani, wakafunga madirisha kwa maagizo yangu."

Akanitazama, akaanza kucheka, akaona sicheki, akaacha. Akakuna kidevu kwa kalamu. "Nikiandika wamefukiza, ofisini wataniuliza ndiyo nini hiyo."

"Andika moshi," nikasema. "Ndiyo jina lake."

Kanuni ziliruhusu kupima mara ya pili, mara moja tu. Nafasi aliyokuwa nayo ni Jumatano iliyofuata, siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi. Nikamwandikia mpangaji pale pale, nimesimama ngazini. Nilimweleza ukweli wote bila kuficha kisahani hata kimoja. Jibu lilikuja kabla sijafika chini: wangesubiri mpaka Alhamisi, baada ya hapo wangesaini lile jengo la Dar.

Ikabaki kumwambia Bi mkubwa.

Alikuwa amekaa kwenye baraza ya mlangoni, vitumbua mapajani, havijaguswa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umesimama kama askari? Kaa. Tumefaulu?"

Nikakaa, nusu ya makalio. Nikamwambia hatukufaulu, na kwa nini. Nilimweleza kama ninavyowaeleza watu wote, kwa sababu njia nyingine sijui. Nikamwambia afikirie chumba chenye giza mchana, dirisha limeachwa upenyo mwembamba, mwale wa jua unaingia na ndani yake vumbi linacheza. Vile unavyoviona vinacheza ni vikubwa, pua inavikamata. Kisanduku kile kinatafuta vidogo zaidi ya hivyo, ambavyo mwale hauvionyeshi na pua haivizuii. Vinashuka mpaka ndani kabisa ya kifua. Moto wowote huvitoa. Kuni, sigara, mshumaa. Udi pia.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo walionisomea dua ndio walioniangusha?"

"Hapana, mama. Dua haina moshi. Aliyekuangusha ni mimi. Nilikupa orodha ya mambo ya kukatazwa, nikaacha hili moja ambalo kila mtu wa pwani angelifanya. Nilijua, na sikujua kama najua."

"Lakini mimi nina miaka sabini, nafukizwa kila wiki. Mbona sijafa?"

"Hukufa, mama, na Mungu akuweke. Mimi mwenyewe nafukizwa. Sisemi udi ni sumu. Nasema mtu akifungiwa nao ndani, madirisha yakiwa yamebanwa, siku nzima, kifua kitachoka. Hasa kifua kibovu."

Lori la mchanga likapita, likatuachia vumbi lake. Alipoanza tena hakuwa akinitazama.

"Mjukuu wangu ana pumu. Yule mdogo. Nikiwasha chetezo tu, namwambia, mwanangu, nenda barazani ukacheze. Kila wiki namtoa. Miaka minne namtoa." Akafunika hotipoti vizuri, ingawa ilikuwa imefunikwa. "Na hakuna aliyeniambia nimtoe. Nilikuwa namtoa mwenyewe."

Nilitaka kumwambia hicho ndicho kipimo chenyewe, kwamba yeye alikuwa mkaguzi kabla ya mkaguzi. Nikaona mikono yake bado inakibana kile kifuniko, nikaacha.

"Sasa tufanye nini?" akauliza.

"Tufungue," nikasema.

Tukafungua. Siku nne zile sikumbuki kama nilikaa. Tulitoa zulia la dua likarudi madrasa. Tulishusha mapazia yote na kuyaanika juu ya ua nyuma ya jengo. Tuliosha kuta kwa maji na sabuni isiyo na harufu, tukafuta dari, na nikaweka vichujio vile vipya nilivyovifuata Dar, maana vya zamani vilikwisha kunywa udi. Mchana tulifungua madirisha upande wa bahari na kufunga upande wa barabara, kwa sababu malori yalikuwa yanatuletea vumbi badala ya moshi. Jumatatu ikanyesha. Tukafunga. Ikaacha. Tukafungua. Ikanyesha tena wakati niko njiani, nikampigia msimamizi.

"Nimefunga, dada."

Nikampigia tena mvua ilipokatika.

"Nimefungua, dada."

Mara ya tano akaniambia, "Dada yangu, ukinipigia tena naacha kazi, narudi Lugoba nikafuge mbuzi. Mbuzi hawana madirisha."

Kila nilipoingia nilinusa. Hapo ndipo nilipojifunza kuwa pua yangu haifai kitu. Nikiambiwa haupo, nausikia. Nikijilazimisha kuusikia, haupo. Niliomba watu wanaopita barabarani waingie wanuse. Muuza maji mmoja akaniambia kunanukia sabuni. Mama mmoja akasema kunanukia kama msikitini. Wote wawili niliwaamini, nikatembea tena.

Jumanne saa kumi na moja jioni tulifunga madirisha. Safari hii nililisimamia kila moja mwenyewe, nikafunga mlango, nikaondoka na funguo zote, hata ya Bi mkubwa, ambaye alinikabidhi bila neno.

Jumatano mkaguzi aliwahi kufika kuliko mimi. Nilipoegesha gari alikuwa amesimama mlangoni na sanduku lake, na msimamizi alikuwa anamuuliza kama ametoka Tabora kwa miguu usiku kucha. Nikampa mkaguzi funguo, akaingia na msimamizi. Nikataka kuingia nyuma yao.

Mtu akaniita kutoka ng'ambo ya barabara.

Bi mkubwa alikuwa amekaa kwenye kibanda cha soda, juu ya kreti lililopinduliwa, buibui limemzunguka, peke yake. Gari lake lilikuwa limemwacha huko huko. Nikavuka.

"Shikamoo mama. Mbona uko huku? Njoo ukae barazani kwako."

"Marahaba. Siji." Akainua pembe ya buibui lake, akanipa ninuse, kama mtu anayeonyesha kosa. "Limetoka sandukuni. Nguo zangu zote zinatoka sandukuni, zimefukizwa zote. Nimevaa, niko njiani, ndipo nakumbuka. Nikamwambia dereva, niache hapa."

Nilikuwa na maelezo. Ningeweza kumwambia kwamba nguo moja kwenye baraza ya nje, mlango umefungwa, haiwezi kukigusa kile kisanduku ghorofa ya tatu. Kwamba mkaguzi mwenyewe pengine amejipuliza marashi asubuhi. Kwamba kuna umbali, kuna upepo, kuna vichujio. Nilikwisha kufungua mdomo. Halafu nikashika ncha ya mtandio wangu nikaunusa. Mama yangu huufua yeye, na huuweka yeye sandukuni.

Nikageuza kreti la pili nikaliweka kando yake, lakini sikulikalia. Nikasimama nyuma yake, mkono kwenye nguzo ya kibanda.

Tukalitazama jengo. Mwenye kibanda akatuletea soda mbili, akauliza kama tunasubiri gari. Bi mkubwa akamwambia, "Tunasubiri majibu ya mgonjwa." Yule bwana akatupa pole kwa dhati, akakataa kurudishiwa chupa tulipomaliza, akasema tupumzike tu.

Saa ya kwanza ikaisha. Nilivuka barabara mara mbili, nikafika kwenye geti, nikarudi.

"Wewe unanichosha," Bi mkubwa akasema. "Mimi ndiye mwenye jengo, mbona nimekaa?"

"Siwezi, mama."

"Utazoea. Mimi nilikaa stoo." Akavuta tasbihi yake, akaanza kuhesabu kimya, na mimi nikahesabu madirisha. Yaliyofungwa ishirini na manne. Ishirini na manne. Ishirini na manne.

Kisha yakawa ishirini na matatu. Dirisha la juu kabisa, upande wa barabara, likafunguka, na kichwa cha msimamizi kikachomoza. Madirisha hayafunguliwi kabla kipimo hakijaisha. Hilo nililijua, na Bi mkubwa alilijua pia, maana tasbihi ilisimama.

Msimamizi akaweka mikono mdomoni akapiga kelele kupita malori: "Tumefaulu! Ghorofa zote! Mtani wangu anasema hatii saini mpaka apewe kuku!"

Kutoka ndani, sauti ya mkaguzi ikasikika ikisema kwamba kuku wa Mkwere hana nyama, bora apewe vitumbua.

Mpangaji alijibu kesho yake, mistari miwili, kwamba wanahamia. Wanawe Bi mkubwa wakapiga simu kwa zamu kumpongeza. Na mimi niliandika upya ile orodha, ambayo sasa naitumia kila jengo kuanzia Kerege mpaka Bagamoyo mjini. Udi ni jambo la kwanza kabisa juu yake. Chini ya udi nimeandika mahali pa kuuchomea: nje, upande upepo unakoelekea ukitoka jengoni, mbali na tundu la mtambo wa hewa. Walimu wa madrasa wameshafika mara nyingine kusoma dua kwenye jengo lile. Wanasoma ndani, na chetezo kinabaki chini ya mnazi nyuma ya ua, kikiwa na mtu wake wa kukiangalia.

Lakini siku ile, kwenye kibanda, Bi mkubwa hakuinuka mara moja. Alinigeukia, uso umelowa, akauliza kama mgeni anayebisha mlango wa watu:

"Sasa hivi nikiingia, siharibu?"

"Huharibu, mama. Wamemaliza kupima."

Akainuka. Alisimama ukingoni mwa lami, akalikung'uta buibui lake kuelekea upepo, mara mbili, mara tatu, kama mtu anayekung'uta kitambaa cha meza baada ya wageni, kisha akatazama kushoto na kulia, akavuka.

Nikajaribu kulikalia lile kreti. Nikainuka. Madirisha ishirini na matatu yalikuwa bado yamefungwa, na nilitaka kuyafungua mwenyewe.